Mwaka Huu Najichagua Mwenyewe

Jumapili, 18 Januari

Leo nimezaliwa upya. Tena ofisini! Kwenye ukumbi wa mikutano, baada ya chai.

Kampuni ilituletea mtaalamu wa kutufundisha maisha. Suti ya bluu, maikrofoni ya kubandikwa shavuni. Alisema duniani kuna watu wa aina mbili tu: wanaotangulia mambo na wanaokimbizwa na mambo. Wa kwanza hukagua paa wakati jua linawaka. Wa pili hutafuta ndoo wakati mvua iko tayari kitandani. Alipofika kwenye ndoo akanitazama mimi. Ukumbi wote ule, mimi!

Na ni kweli. Miaka yote hii Doha nimekuwa mtu wa ndoo. Nangoja nyongeza. Nangoja likizo. Nangoja kuchaguliwa. Siku ya Michezo ya mwaka jana nilingoja wanichague, na wakanichagua kweli: kugawa maji na machungwa. Valerie wa uhasibu alikimbia mbio za vijiti, mkondo wa mwisho, na mpaka leo picha yake akivuka mstari ndiyo iko WhatsApp. Mdomo wazi kama mtu anayetaka kupiga chafya. Naiona kila akiniuliza habari za risiti.

Khalas, imetosha. Mwaka huu singoji. Michezo ni mwezi ujao, na mkondo wa mwisho nitakimbia mimi, Pamela, mwagizaji wa vifaa, mwanamke ambaye bila yeye kampuni nzima ya ukarabati haina balbu wala karatasi ya chooni.

Jioni nilipiga simu nyumbani, Nyamira. Kijana wangu Shaun aliniuliza kama huwa ninacheza mchezo wowote huku, maana amesikia Qatar kuna viwanja vizuri. Nikamwambia mimi ni mkimbiaji wa kampuni. Akasema, kweli, mama? Kwa ile sauti yake ya zamani, kabla haijaanza kuvunjika.

Huo si uongo. Ni ukweli nilioutanguliza.

Jumanne, 20 Januari

Nimenunua viatu! Nimeshuka Al Sadd baada ya kazi, nikaviona dirishani, rangi ya chungwa, vina mstari wa fedha kama mkia wa roketi. Saizi yangu ilikuwepo. Nikachukua iliyo ndogo zaidi. Mtu akipungua mwili hupungua na miguu. Kwa nini nimnunulie viatu mwanamke ninayemwacha nyuma? Muuzaji, kijana Mnepali mpole sana, aliniuliza kama nina hakika. Nikamwambia hakika anayoiona mbele yake haijawahi kuingia duka hili.

Nimefika nyumbani Muaither nachechemea. Tunaishi watatu chumba kimoja kwenye villa iliyogawanywagawanywa: mimi, Chebet nesi, na Scovia Mganda, mlinzi wa kampuni ya ulinzi. Scovia ndiye aliyenivua viatu. Alishika kiatu kwa mikono miwili, akaweka mguu ukutani, akavuta. Kilitoka kwa sauti ya kizibo cha soda, na mimi nikateleza kitanda kizima nikamfuata. Ana nguvu huyu mwanamke! Sikuwahi kuliwaza hilo.

Alitaka kujua viatu ni vya nini. Nikamwambia atajua siku yake ikifika. Mtu anayetangulia hatangazi.

Ijumaa, 23 Januari

Nimepata kocha. Chebet. Kwao ni Kapsabet, kwa wakimbiaji, nikahesabu kazi imeisha. Kumbe! Anasema tangu utotoni ana pumu. Siku za michezo shuleni alikuwa anakaa kwenye hema na mke wa mwalimu mkuu wakila biskuti. Anasema kila mgonjwa hospitalini, awe Msudani, awe Mfilipino, akisikia Kenya anamuuliza anakimbia kilomita ngapi, hata yule anayetolewa damu. Amechoka.

Nikamwambia kipaji kiko damuni, hata kama hakijashuka miguuni. Akakubali kwa masharti mawili: kiti cha kukunja na chupa ya chai.

Basi baada ya kanisa tulikwenda bustanini. Yeye kitini, blanketi magotini, maana upepo wa Januari hapa si mchezo. Mimi mbio. Kila nikipita alikuwa ananipigia kelele maneno aliyoyasikia kwenye runinga. Legeza mabega! Panua hatua! Usitazame nyuma! Nyuma hakukuwa na mtu. Mbele ndiko alikokuwa mzee mmoja wa Kipakistani anayetembea na tasbihi, na sikuweza kumfikia. Baadaye aliniacha mzunguko mzima. Aliponipita akanisalimia kwa heshima, kama mtu apitaye msibani.

Niliporudi kwa kocha nikamkuta anabadilishana na mama mmoja Mhindi siri za kuweka maembe kwenye chumvi. Nikamuuliza amenionaje. Akasema, Mama Shaun, una moyo.

Jumatatu, 26 Januari

Ugunduzi mkubwa! Watu wananenepa kwa sababu wanangoja njaa. Njaa ikifika inawakuta hawajajiandaa, wanashambulia sufuria. Huko ndiko kukimbizwa na mambo. Mimi sasa ninakula kabla njaa haijafika. Leo saa nne asubuhi nimekula chakula cha mchana. Mchana, kwa kuwa chakula cha mchana kilikuwa kimekwisha kuliwa, nikala cha jioni. Nikarudi nyumbani mshindi, jioni nzima mbele yangu haina kazi.

Tatizo ni Scovia. Leo alikuwa mapumziko. Duka la karibu lilikuwa limeshusha ndizi za matoke kutoka kwao, na alikuwa amepika mchuzi wa karanga ambao ukiunusa unasahau pasipoti yako ni ya nchi gani. Nikamwambia sili, nimeshakula ya leo yote. Akadhani natania. Akaniwekea. Nikamrudishia sahani. Nikamweleza kuhusu watu wa paa na watu wa ndoo.

Akasema, banange, jamani, sawa. Akafunika sahani. Hakuimba wakati wa kuosha vyombo, na Scovia huimba hata akiosha kijiko.

Sikulala vizuri. Ni njaa tu.

Alhamisi, 29 Januari

Leo nimekata mambo kwenye mzizi. Cornelius, msimamizi wa usafiri, ndiye nahodha wetu wa michezo. Mkenya mwenzetu, mtu wa Bungoma, mpole, lakini ni wale wanaosahau jina lako wakati wanakutazama. Nikasema, huyu ataniacha nje tena, halafu nianze kulalamika wakati basi limeondoka. La. Nitalalamika sasa.

Nikamzuia kwenye mashine ya chai. Nikamwambia nimeumia sana. Nikamwambia sikutegemea hilo kutoka kwake. Nikamwambia machungwa ya mwaka jana bado yako moyoni. Nilitoa machozi, nadhani mawili.

Maskini Cornelius! Kikombe kilijaa kikamwagikia vidole. Akaniuliza kwani amefanya nini. Nikamwambia bado, lakini najua atafanya.

Ndipo akatazama huku na huku, akaninong'oneza. Nanukuu neno kwa neno, maana nataka kulikumbuka uzeeni. "Pamela, jina lako ndilo la kwanza nililoandika. La kwanza kabisa. Usimwambie mtu, nitatangaza wiki ijayo. Ninachokuomba ni kimoja tu: usibadilike. Kaa hivyo hivyo ulivyo."

Usibadilike! Kaa hivyo ulivyo! Hakuna bosi aliyewahi kuniambia neno zuri kama hilo kuhusu tabia yangu.

Jina la kwanza! Valerie alipita na faili zake. Nikamtabasamia kwa huruma.

Jumatatu, 2 Februari

Naandika nikiwa dhaifu.

Nilifikiri hivi: ikiwa nimechaguliwa nikiwa hivi, je, nikiwa mwembamba? Dada mmoja wa saluni aliniuzia majani ya chai ya kupunguza mwili. Yana picha ya chui kwenye paketi. Maelekezo yalisema kijiko kimoja kwa kikombe. Hayo ni maelekezo ya watu wa kawaida. Nikaweka vya wiki nzima kwenye birika moja, niwe nimemaliza.

Chui alifika Ijumaa usiku. Hajaondoka mpaka leo mchana. Choo chetu ni cha wanawake wote wa ghorofa ya chini, na wote sasa wananijua kwa sauti. Scovia alikaa mlangoni kwangu akiwa bado na sare ya kazi, akinipitishia maji ya chumvi na sukari na kunisemesha kuhusu kondoo wa mjomba wake, ili nisizimie. Chebet alitupa chai yote kwenye pipa la nje, kisha akarudi akalifunga pipa kwa kamba. Alinigombeza kwa lugha tatu.

Lakini leo asubuhi nilisimama mbele ya kioo. Sketi ya kazi ikaanguka yenyewe!

Nimepungua! Uso umechongoka. Shingo, sikujua ninayo. Viatu bado vinabana, ila nadhani miguu huja mwisho.

Jumatano, 4 Februari

Hakuna Mungu kwenye kampuni hii.

Leo Cornelius aliita wote kwenye karakana, mafundi na watu wa ofisi, akapanda juu ya boksi. Mwaka huu, alisema, kuna jambo jipya. Kuvuta kamba kwa wanawake! Tutapambana na wanawake wa kampuni nyingine. Na kila timu ya kamba inahitaji nanga, yule mtu wa mwisho anayejifunga kamba kiunoni na kukataa kuondoka duniani. Nanga yetu, alisema, niliijua tangu Aprili iliyopita.

Akasimulia. Ile pikiniki ya wafanyakazi kule kwenye mchanga, tufani ya vumbi ilipovamia, kila mtu akakimbilia basi, Valerie mbele akiwa amekumbatia kuku wa kukaanga. Hema likaanza kupaa. Na nani alishika kamba ya hema peke yake, akakaa chini, akaizuia mpaka upepo ukachoka? Pamela!

Makofi. Mafundi wakagonga spana kwenye mabomba. Mimi nilikaa tu siku ile kwa sababu niliogopa kukimbia. Lakini ni kweli hema halikupaa.

Cornelius akaninyooshea mkono nijitokeze. Nikajitokeza, nikiwa nimeshikilia sketi. Makofi yakapungua. Akashuka kwenye boksi. Akanizunguka. Akasema polepole, kama mtu anayemtafuta mtoto sokoni:

"Pamela, umeenda wapi?"

Nikamwambia niko hapa. Akasema hapana. Akasema alihitaji mtu aliyetulia ardhini. Akasema, si nilikuambia usibadilike? Nikamwambia nilidhani ni kuhusu tabia. Nanga nimebaki mimi hivyo hivyo, hana mwingine.

Mbio za vijiti? Valerie, mkondo wa mwisho. Na kwa kuwa wanawake tuko wachache, Valerie yumo pia kwenye kamba, mbele yangu kabisa. Nitautazama mgongo wa uhasibu mpaka mwisho.

Nilirudi nyumbani nikakaa kitandani sijawasha taa. Miaka yote hii natamani mtu aseme, tunamtaka huyu, alivyo. Akasema. Na mimi nikamharibia kwa chai ya chui.

Scovia alirudi kutoka zamu. Nikamwambia nina njaa. Nilitaka kuongeza maneno ya kuomba msamaha, sikuyapata. Alifungua friji akatoa sahani iliyofunikwa. Kumbe kila siku tangu ile Jumatatu alikuwa ananiwekea, na kila asubuhi anaibeba kazini kuwalisha wenzake, na jioni ananiwekea nyingine.

Nimekula nikilia. Karanga na chumvi yangu mwenyewe.

Jumamosi, 7 Februari

Kazi inaendelea. Nimemweleza Scovia kila kitu: kamba, nanga, Cornelius, hema. Alisikiliza, macho yakaanza kucheka, akageukia jiko. Akaniambia atanirudisha nilivyokuwa.

Tangu juzi napikiwa kama bibi harusi. Matoke. Chapati za mayai. Uji wa mtama asubuhi. Jana kuna mtu alichinja mbuzi mahali, sijui wapi, ikaja mifupa ya supu. Ananisukumia sahani, ananitazama mpaka niimalize, anasema, ongeza, Mama Shaun, ongeza, utaniaibisha. Nikamuuliza anaaibika vipi yeye. Akasema basi tu.

Nikamwomba aje kunishangilia Jumanne, siku ya michezo. Akasema Jumanne yuko kazini. Imeniuma kidogo. Ila ni mlinzi, sikukuu ndiyo siku yao.

Chebet amenipima. Amesema mwili haufanyi kazi kama akaunti ya benki, huwezi kuweka Alhamisi ukatoa Jumanne. Manesi wana maneno ya kukatisha tamaa. Lakini kioo hakidanganyi. Shingo bado ipo.

Itabidi nitangulie kwa njia nyingine.

Jumatatu, 9 Februari

Nimepata! Uzito ni uzito. Nani kasema lazima uwe nyama?

Leo nimekwenda karakana kwa fundi mkuu nikaomba bolti na nati, zile nene za kufungia jenereta. Akauliza za nini. Nikasema za mapambo. Mimi ndiye ninayemwagizia kahawa yake, hakuuliza tena. Ronnie, dereva wa basi letu, alinibebea mfuko mpaka mlangoni akalalamika, wanawake wa siku hizi wanabeba nini.

Nimeshona mifuko ndani ya trakisuti, kuanzia kiunoni mpaka chini ya magoti, kwa uzi wa kawaida maana ule mgumu ulikuwa umekwisha. Nimejijaribisha chumbani. Natembea kama roboti lakini roboti mwenye heshima. Chebet alinitazama kutoka kitandani kwake, akavuta shuka akajifunika uso.

Je, ni halali? Hakuna aliyesema ni haramu. Sikuuliza mtu, kwa hiyo hakuna aliyesema.

Na kwa kuwa mimi ni mtu wa paa na si wa ndoo, nimeamua kuvaa suruali nyingine chini ya trakisuti. Huwezi kujua.

Jumanne, 10 Februari

Mikono inauma. Nitaandika yote hata hivyo.

Uwanja wa nyasi, jua zuri, muziki, watoto wana bendera. Cornelius aliniona nikishuka basini, bolti zikilia chini kwa chini kama kengele za mbuzi. Akasema, afadhali, umerudi! Nikasema ndiyo. Moyo wake ulifurahi mno hata hakuniuliza zaidi.

Tukashika kamba. Valerie mbele yangu, kucha zake zimepakwa rangi ya bahari. Mimi mwisho, kamba kiunoni. Wapinzani wetu wakaingia wakitembea kwa mwendo wa gwaride, wanawake wa kampuni ya ulinzi, wote na fulana nyeusi. Nikainua macho nimwone nanga wao.

Scovia!

Kamba kiunoni. Miguu imepandwa ardhini kama nguzo za umeme. Akanipungia mkono, vile vile anavyonipungia akishuka basi jioni.

Nikasahau yote nikapaza sauti kutoka upande huu mpaka ule. "Scovia! Mbona hukuniambia?"

"Mama Shaun, hukuniuliza!"

"Ulisema uko kazini!"

"Si hii ndiyo kazi?"

"Na ile supu? Na zile chapati? Ulikuwa unamlisha adui?"

Akainua mabega. "Siwezi kuvuta kamba na mtu mwenye njaa," akasema. "Ningejisikia vibaya."

Ukweli ni kwamba wiki tatu nilizungumza habari zangu tu. Kwenye sinia, kwenye mlango wa choo, kila mahali. Yeye naye alikuwa amechaguliwa. Sikumuuliza hata siku moja. Niliona haya, na ningeona haya kwa muda mrefu zaidi, lakini mwamuzi akapiga filimbi.

Tukavuta. Nikajitupa nyuma kwa nguvu zangu zote, na nguvu zangu zote zikaufikia ule uzi wa kawaida. Nikausikia ukikatika kuanzia kiunoni. Bolti zikashuka ndani ya suruali kama mvua ya mawe, zikajikusanya vifundoni ambako kuna lastiki. Nikawa na miguu ya tembo. Halafu lastiki ikakubali yaishe. Nati zikatapakaa uwanja mzima! Trakisuti yenyewe ikashuka mpaka magotini, uzito ni uzito.

Chini nilikuwa na suruali nyingine. Nani anathubutu kusema kutangulia hakusaidii?

Mwamuzi, Mmisri mwenye masharubu, alisimamisha mchezo. Akainama akaokota bolti moja. Akaitazama. Akanitazama. Akamwuliza Cornelius kama mimi ni mchezaji au ni mashine. Cornelius alifunika uso kwa kofia. Mzunguko wa kwanza wakapewa walinzi. Mimi nikaokota vyuma vyangu mbele ya watu wote, na aliyeinama wa kwanza kunisaidia alikuwa Valerie, na kucha zake. Hakucheka. Alisema tu kwamba nati nne zimeingia chini ya hema la maji. Sijui la kufanya na jambo hilo.

Mzunguko wa pili. Bila bolti. Nilivua na viatu vya chungwa, sikuhisi vidole. Mguu mtupu kwenye nyasi baridi. Filimbi! Nikakaa chini kama siku ile ya hema. Nikamtazama Scovia mwisho wa kamba, naye akanitazama, na nikaona kidevu chake kinatetemeka. Zile bolti! Alikuwa anazikumbuka zile bolti. Kicheko kikampanda, akajaribu kukimeza, akashindwa, akacheka kile kicheko chake kinachozima jiko, na mtu hawezi kucheka hivyo na kuvuta. Timu yote nyeusi ikaja kwetu kama nguo zinazoanuliwa. Tumeshinda! Mzunguko mmoja, lakini tumeshinda! Mafundi walinibeba juu. Waliniangusha, ila walinibeba.

Mzunguko wa tatu Scovia hakucheka. Alifumba macho. Sina la kueleza. Tulikwenda tu. Valerie aligoma kuachia, akaburuzwa kwa tumbo mpaka ng'ambo ya mstari, mdomo umejaa nyasi, kucha mbili zimebaki Qatar ya upande ule. Nikamwinua. Akasema, Pamela, usingetokwa na ule mwili tungewashinda. Kwa upole kabisa. Nikamfuta nyasi kidevuni.

Jioni walikuja wote Muaither. Scovia na wenzake, Valerie, Cornelius na soda, Ronnie na mishikaki. Tulikaa kwenye mkeka uani. Scovia alinifunga bandeji za mikono huku Chebet akimkosoa. Nikamwambia Scovia, samahani kwa ile sahani. Akasema sahani ipi. Nikamwambia ajue ninajua. Akanipiga bega, nikahisi mpaka mgongoni.

Nilimpigia Shaun. Nikamwambia sikukimbia, nilivuta kamba, tulishindwa na walinzi, na suruali ilianguka. Alicheka mpaka mama yangu akachukua simu kuuliza kuna nini. Akaomba nirudie sehemu ya bolti. Nikairudia. Akaomba tena.

Alhamisi, 12 Februari

Kazini leo kila mtu ana maoni. Cornelius anasema kama ningekaa nilivyokuwa, kombe lingekuwa mezani. Valerie anasema hivyo hivyo. Chebet anasema hivyo hivyo, kwa Kiswahili cha hospitali. Hata Scovia, akimenya ndizi, anasema kitu cha kunitosha mwaka huu kilikuwa ni kutulia tu.

Nimewasikiliza wote kwa makini. Wote wamekosea.

Kosa langu lilikuwa moja: nilichelewa kutangulia. Wachezaji wakubwa hujua kuondoka kabla hawajaondolewa. Sasa jina langu liko juu, mafundi wananipigia saluti na spana. Mwakani watanisahau. Kwa nini nikae niwaone wakinisahau? Basi saa kumi na moja jioni nimetuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la kampuni. Nimetangaza kustaafu rasmi michezo yote. Nimewashukuru mashabiki. Nimesema uamuzi wangu ni wa mwisho, ila niko tayari kusikiliza ombi, likiwa zito.

Ronnie amejibu wa kwanza. Anauliza nani anaacha kazi na kama kutakuwa na keki. Valerie ameweka dole gumba. Fundi mkuu ameuliza bolti zake ziko wapi. Cornelius amesikiliza, naziona alama mbili za buluu. Bila shaka anatafuta maneno ya kunibembeleza. Mtu kama yule si mwepesi wa maneno.

Scovia ameniita mara mbili nikale, matoke yanapoa. Nimemwambia aanze bila mimi. Siwezi kuinuka sasa. Nimeweka simu kwenye chaji, sauti juu kabisa, nangoja.